Meno ya Maji ya Kwetu

Jumapili, 2 Machi

Wazazi wa Bryson, mchumba wa mjukuu wangu, wamekuja kumaliza mazungumzo. Harusi itakuwa Jumamosi ya tarehe kumi Mei, kwa kuwa Kwaresima inaanza Jumatano na kanisani kwetu hakuna ndoa mpaka Pasaka ipite. Tulikula, tukasali, tukataniana. Baba yake Bryson ana maneno machache na kikohozi kingi. Anayeongea ni mkewe, Secilia, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kuongoza vikao vya akina mama kanisani.

Sahani zilipoondolewa aliniinamia.

"Baba, usinielewe vibaya. Haya meno ya binti yetu, wajukuu watazaliwa nayo?"

Nilimjibu kwa utulivu, maana nimeulizwa hivyo tangu utotoni. Meno haya hayatoki kwenye damu, yanatoka kwenye maji. Chini ya Mlima Meru, upande wa Ngare Nanyuki, nilikozaliwa mimi na alikozaliwa mjukuu wangu Eliaichi, maji yana floraidi nyingi mno. Mtoto huyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanaumbwa ndani ya ufizi, na yanapotoka, yanatoka na rangi yake, kahawia kama udongo wa kichuguu. Mtoto wa Aichi akinywa maji ya hapa Magamba atakuwa na meno ya Magamba. Basi.

Secilia alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu jingine.

Aichi alikuwa mlangoni na birika. Alisikia yote. Alimimina chai bila kumwaga hata tone, akiwa amefumba mdomo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekaa milima hii ya Lushoto zaidi ya miaka sabini, na bado nikisema "kwetu" nazungumzia mahali pengine. Nilikuwa na miaka minane wakoloni walipotutoa Ngare Nanyuki, mwaka 1951. Wengine walirudi baadaye. Baba yangu hakurudi. Alikuja huku kuchuma chai ya watu. Mimi nikasoma, nikatunza maktaba ya kituo cha utafiti Amani mpaka nilipostaafu, nikamzika mke wangu katika udongo wa Kisambaa. Mwanangu Rubeni ndiye aliyerudi Meru kulima kwa babu zake. Ardhi ilimpokea kwa miaka michache, kisha ikamzika yeye na mkewe. Aichi aliletwa kwangu akiwa na miaka tisa, na mfuko mmoja wa nguo, na meno yale.

Nakiri kwamba siku ile niliyaona nikafurahi. Watu wa kwetu tunajuana kwa meno. Niliwahi kusimama Mombo, mgeni mmoja akacheka upande wa pili wa barabara, nikamwita kwa Kimeru na kumuuliza ni mtoto wa nani. Hatukuwa tumewahi kuonana. Hakuna hati ya kusafiria iliyo wazi kuliko ile.

Lakini mimi ni mzee. Yeye ana miaka ishirini na minne, anafundisha chekechea, na watoto wanamuuliza, "Mwalimu, wewe hupigi mswaki?"

Jumamosi, 8 Machi

Ukungu kutwa nzima. Hata miti ya misindano haionekani.

Jumanne, 11 Machi

Aichi amenionyesha video kwenye simu. Msichana anapaka kitu kwenye meno, anatabasamu, meno yamekuwa kama sahani mpya. Nilimwambia twende kwanza kwa daktari wa meno. Akasema, "Babu, wewe unanionea wivu tu. Hutaki mke wako aolewe na kijana." Tulicheka wote wawili. Yeye hucheka kwa kuweka kiganja mdomoni, kama mtu anayezuia kikohozi.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeonana na Martin, daktari wa meno hospitalini mjini. Ni Msambaa wa Mtae, mpole, anaongea taratibu na kuchora picha kwenye karatasi. Nimependa maelezo yake, kwa hiyo nayaandika yote.

Anasema watu husema "kung'arisha meno" kana kwamba ni kazi moja, kumbe ni kazi tofauti. Dawa za mswaki zinazoandikwa kuwa zinang'arisha, nyingi zina chembe za kusugua. Zinaondoa doa lililokaa juu ya jino, la chai, kahawa au tumbaku. Mkaa wa unga ni hivyo hivyo, ila unakwaruza, na ganda la jino likikwaruzwa halioti tena kama ukucha. Jino halina ngozi ya kujiponya.

Kinachobadilisha rangi ya ndani ni peroksaidi. Inapenya kwenye ganda, inatoa oksijeni, na oksijeni inavunjavunja chembe zenye rangi. Ikiwa ya nguvu ndogo, ikapakwa kwa kipimo, fizi zikakingwa, na daktari akahakikisha kwanza kwamba hakuna jino bovu, si ya hatari. Wengi hupata ganzi kwa siku chache, kisha inapita. Anayeipaka kali, au kila siku bila kupumzika, anachoma fizi na kuumiza jino.

"Na haya ya kwetu?" nikamuuliza.

Akasema doa la floraidi limejengwa pamoja na jino, kama rangi ndani ya tofali. Peroksaidi inaweza kulififisha kidogo, baada ya wiki nyingi, na mara nyingi bila ulinganifu, jino likabaki na mabaka. Zaidi ya hapo, jino lililodhurika sana na floraidi huonekana gumu kwa nje, lakini ndani ya ganda lina vitundu vitundu. Halivumilii kama meno mengine. Njia nzuri ni kuyafunika ya mbele kwa ujazo wenye rangi ya jino, na hilo hufanywa na mwenzake wa Tanga. Alishauri tusubiri masika yapite, twende kwa utulivu.

Aichi aliuliza masika yanapita lini. Martin akasema Juni.

"Ninaolewa Mei, daktari," akasema Aichi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza.

Alhamisi, 20 Machi

Amejaribu mkaa. Amesaga mwenyewe kwenye kinu, akapiga mswaki nao mpaka fizi zikawa nyeusi. Alitoka uani akanitisha kama kinyago, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Alipoosha, meno yalikuwa yale yale. Alikaa kwenye kizingiti akitazama mvua. Nilitamani nisingecheka.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Kanisani Secilia alinisalimu vizuri, shikamoo kamili, akauliza hali ya magoti yangu. Akamtazama Aichi mdomoni kabla ya kumtazama machoni. Yule mama simpendi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kusema.

Ijumaa, 28 Machi

Meno ya Aichi ni meupe.

Sijui niandikeje. Alitoka mazoezi ya kwaya amelowa, akasimama katikati ya sebule, akafungua mdomo bila kiganja. Si meupe ya kung'aa. Ni meupe makavu, kama chaki, kama ganda la yai. Kahawia imebaki mistari miembamba karibu na fizi. Kumbe amekuwa akipaka dawa tangu Jumamosi iliyopita, kachupa kadogo kutoka duka la vipodozi la Yunis pale karibu na stendi. Unaweka kwenye pamba, unapaka, unahesabu kidogo, unasuuza.

Nilipaswa kuiomba ile chupa niinuse. Nimeishi maisha yangu yote kati ya vitabu vya wanakemia. Badala yake nilimshika mashavu nikamwambia, "Umependeza, mke wangu." Kwa kweli alikuwa amependeza. Uso wote ulikuwa umefunguka, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha.

Kitu kimoja kilinichoma kidogo, na hakikustahili kunichoma: sasa Lushoto nzima ni mimi tu mwenye meno ya kwetu.

Jumapili, 30 Machi

Aichi ameimba akiwa amefungua mdomo. Secilia alimshika kidevu nje ya kanisa, mbele ya watu, akasema, "Tazameni mkwe wangu." Mvua ilisubiri mpaka tulipofika nyumbani.

Alhamisi, 3 Aprili

Hanywi maji ya baridi. Anasema ni ganzi tu, daktari mwenyewe alisema ganzi hupita.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mihogo imelala matopeni. Aichi anakunywa uji vuguvugu kwa kijiko, akiupitisha pembeni. Nimemuuliza kama bado anapaka. Ameniambia anamalizia ile mistari ya kahawia karibu na fizi.

Nilimwambia aache. Akaniambia ndiyo, Babu. Ile ndiyo ya kumtuliza mzee.

Jumatatu, 7 Aprili

Tulikuwa tunakula makande. Nilisikia mlio mdogo, kama jiwe kwenye mchele. Aichi alitoa kitu mdomoni akakitazama kiganjani. Kipande cha jino la mbele. Hakulia. Alikifunga kwenye kitambaa, akaendelea kukaa mezani, bila kula, mpaka nilipomaliza, kwa adabu.

Jumatano, 9 Aprili

Tulikwenda kwa Martin na ile chupa. Kwa kweli zilikuwa chupa mbili, ya pili ikiwa imefika nusu. Ni zile za dawa ya macho, zimebanduliwa karatasi. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna kilichomo, hakuna kiasi.

Martin alifungua, akanusa kwa mbali, akadondosha tone moja kwenye sakafu ya saruji karibu na mlango. Saruji ikatoa povu. Tulitazama wote watatu lile povu likipanda na kufa.

"Hii haina peroksaidi," akasema. "Ni asidi. Ile ya kusafishia vigae vya choo, imetiwa maji na peremende."

Aichi alisema kwa sauti ndogo kwamba lakini yalikuwa meupe.

Martin akamweleza, wala hakumkemea, na labda angemkemea ingekuwa rahisi zaidi. Asidi haifuti rangi. Inakula ganda lenye rangi. Jino lililoliwa juu linakuwa na makwaruzo na linakauka, na mwanga ukigonga pale unarudi mweupe, kama chaki. Kwa jicho la mtu ni jino lililotakata. Kwa jicho lake yeye ni jino lililochunwa. Meno mengine yangevumilia zaidi. Haya yenye vitundu, asidi iliingia kama maji kwenye chumvi.

"Weupe ule ulikuwa kidonda, dada yangu."

Alimpima jino moja moja kwa hewa ya baridi. Kwa kila moja Aichi alishika mikono ya kiti. Kwa mawili ya juu, ya mbele, hakushika. Nilidhani ni habari njema. Martin alipima tena, akaweka kile kifaa chini. Yale mawili hayahisi kitu kwa sababu kiini chake kinakufa.

Inawezekana kuyaokoa, akasema, mzizi ukisafishwa na kuzibwa mapema, kisha yafunikwe. Hapa hana vifaa. Mwenzake wa Tanga anavyo. Amempigia simu papo hapo na kutuwekea nafasi Alhamisi ijayo. Mpaka hapo asipake chochote, atumie mswaki laini na ile dawa ya kutuliza ganzi aliyompa, asiguse ndimu wala soda, na uso ukivimba turudi mbio.

Njiani Aichi aliniuliza kama ganda la jino kweli haliwezi kuota tena. Nimesoma vitabu vingi. Nilitafuta katika vyote sentensi ya kumpa, sikupata.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilishuka mjini peke yangu, kwa fimbo, katika mvua, kwenda kumwona Yunis. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitarajia tapeli, mwanamke mwenye kucha ndefu anayewacheka watu wa milimani.

Nilimkuta anamnyonyesha mtoto. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaniamkia shikamoo, akanifutia kiti.

Niliweka chupa mbele yake na kumwambia ilichofanya. Alinikatalia, si kwa ukali. Alisema ameitumia mwenyewe, na dada yake wa Rangwi pia. Akanionyesha meno yake, mazuri, meupe ya kuzaliwa nayo. Dawa huletwa siku ya soko kwenye dumu na mtu anayetoka pwani, yeye hupima na kujaza. Mteja huambiwa tone moja, mara moja kwa wiki. Wengi wamenunua, hakuna aliyerudi kulalamika.

"Aichi ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia, Babu. Alirudi akasema haitoshi. Akasema harusi iko karibu." Alimhamisha mtoto bega. "Nilimhurumia. Tunaimba naye sauti ya pili. Ile chupa ya mwisho nilimpa bure."

Nilikaa pale nikikosa pa kuiweka hasira yangu. Hakujua. Anamimina kitu asichokijua kwenye chupa zisizo na jina, anawapa watu anaowapenda, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba dawa ya kweli huandikwa ina nini na kwa kiasi gani. Nilimwambia amwage dumu lile mahali pasipo mimea wala watoto. Alisema ndiyo, Babu.

Nilipogeuka barabarani, chupa zilikuwa bado zimepangwa dirishani.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Aichi hakwenda kanisani. Kwaya iliimba bila yeye. Nilimwambia Secilia kwamba ana mafua.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Bryson amesema atatupeleka Tanga kesho kwa gari lake la kubebea karoti. Bado hajaonyeshwa mdomo. Anajua tu kwamba "kuna jino linasumbua".

Alhamisi, 17 Aprili

Tuliondoka alfajiri. Baada ya Soni, kwenye kona, tulikuta malori yamesimama na watu wamejifunika maturubai. Mlima umeshuka. Si mawe mawili matatu, ni bega zima la mlima, pamoja na migomba iliyokuwa juu yake, imesimama wima katikati ya lami kana kwamba ilipandwa pale. Na ulikuwa bado unatembea. Tulisikia udongo ukinong'ona.

Bryson alishuka, akazungumza na askari, akarudi. Hata kwa miguu hawaruhusu. Askari alimwambia, "Mgosi, rudi na mzee wako. Hapa hata mbuzi hapiti."

Tulikaa ndani ya gari muda mrefu. Bryson alijaribu kumchekesha Aichi, akamwigiza yule askari. Aichi alisahau, akacheka. Kiganja hakikuwahi kufika mdomoni. Bryson aliona.

Aliwasha gari akageuza. Ndipo Aichi akamweleza yote, akitazama mbele, vifuta vioo vikienda na kurudi. Alipomaliza, Bryson alisema hajawahi kujali yale meno. Kwamba siku ya kwanza alipomwona, kwenye mnada wa mboga, alikuwa akibishana bei na mnunuzi, na yeye alipenda jinsi alivyobishana.

"Basi ungesema," akasema Aichi.

Bryson alisema alidhani anajua.

"Ningejuaje?"



Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Barabara haijafunguliwa. Tanga wamefunga mpaka Pasaka ipite.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mchungaji amesoma tangazo la kwanza la ndoa: Bryson na Eliaichi, mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyesema. Bibi harusi alikuwa nyumbani, shavu limevimba mpaka jicho limekuwa ufa.

Jumatatu, 21 Aprili

Homa. Martin amekuja mwenyewe kwa pikipiki, siku ya sikukuu, amelowa mpaka mifupani. Amempa dawa ya usaha, sindano na vidonge. Ameniita nje. Kiini kimekufa na kimeoza, uchafu umeshuka kwenye mfupa. Akisubiri barabara anaweza kupoteza zaidi ya meno.

Jumatano, 23 Aprili

Wameng'olewa. Naandika "wameng'olewa" kana kwamba ni watu. Meno mawili ya juu, ya mbele.

Nilikuwa nje ya chumba, kwenye benchi, na Secilia. Sikumwita, alikuja. Mle ndani hapakuwa na kelele, ganzi ya sindano ilishika vizuri, tulisikia tu Martin akisema polepole, vizuri, vizuri, tumemaliza. Kisha kitu kikagonga bakuli la chuma, na baada ya muda, kingine.

Martin alituonyesha. Yalikuwa membamba kwa mbele kama vipande vya sabuni iliyotumika. Lakini nyuma, upande wa ulimi, mahali pamba haikufika, rangi ilikuwa bado ipo, ile ya kahawia yenyewe, nzito. Nilitazama pale kuliko ilivyonipasa.

Mengine ya mbele yamebaki, yamekonda, yana ganzi, na tayari yameanza kushika rangi mbaya ya chai, kwa sababu jino lenye makwaruzo hunywa kila kitu. Martin anasema mwenzake wa Tanga atayafunika moja moja. Meno ya bandia ya kuvaa yatatengenezwa kidonda kikikauka na barabara ikipitika vizuri. Kabla ya harusi? Alitikisa kichwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Secilia huja kila siku. Leta uji wa ulezi, leta supu iliyochujwa, leta viazi vilivyopondwa mpaka vimekuwa kama maziwa. Anaketi kitandani, anamlisha mtu mzima kwa kijiko. Leo nilipita mlangoni nikamsikia akimwambia, "Mimi ndiye niliyeuliza. Lile swali lingebaki tumboni mwangu, lingeniua mimi peke yangu."

Aichi alifungua mdomo kupokea kijiko.

Nilimchukia yule mama masika yote. Sasa nami sina wa kumchukia. Secilia aliuliza, Yunis alihurumia, Bryson alinyamaza, mimi nilisifu. Kila mmoja alikuwa na mapenzi, na tazama.

Jumapili, 27 Aprili

Tangazo la pili. Mvua.

Jumatano, 30 Aprili

Aichi amerudi chekechea. Amerudi mapema. Mtoto mmoja alimwambia kwa furaha kwamba hata yeye ameng'oka ya mbele, na bibi yake amesema yataota mengine. Akamuuliza mwalimu yake yataota lini.

Ameomba ruhusa mpaka baada ya harusi.

Ijumaa, 2 Mei

Amejitoa kwaya. Yunis alikuja kumbembeleza, akiwa na mtoto mgongoni. Hakufunguliwa mlango. Nilimtolea mimi kiti barazani. Anasema dumu amelimwaga. Sijui. Nimechoka kujua.

Jumapili, 4 Mei

Tangazo la tatu. Hakuna pingamizi. Barabara imefunguliwa upande mmoja, magari yanapita kwa zamu.

Jumatano, 7 Mei

Nilimwambia Aichi kwamba harusi inaweza kusogezwa, kwamba Bryson amekubali, kwamba hakuna aibu. Alikuwa anapiga pasi kitambaa.

"Babu, nisogeze mpaka lini? Haya hayarudi."

Alisema bila hasira. Maneno yake sasa yana upepo ndani. Nilikwenda kukaa uani, ambako hakuna kitu cha kutazama isipokuwa ukungu.

Jumapili, 11 Mei

Wameoana jana.

Mvua ilipumzika tangu asubuhi, ikabaki baridi. Kanisa lilijaa. Alipoulizwa kama anampenda mwanamume huyu, alijibu kwa kichwa kwanza, mchungaji akasubiri kwa upole, ndipo akasema ndiyo, na safu ya mbele tu ndiyo iliyosikia. Alikuwa mzuri sana. Shela ilikuwa imeshushwa mpaka kidevuni, na alipofunuliwa alikuwa mtulivu, kama mtu anayevuka maji na mzigo kichwani. Kwenye karamu hakula mbele ya watu. Bryson naye hakula.

Kisha tukaitwa kwenye ngazi za kanisa kwa picha ya familia zote mbili. Mpiga picha ni kijana wa kutoka Korogwe, mchangamfu, hamjui mtu. Wakati tunapangwa, niliona Secilia akipita safu kwa safu, akimnong'oneza kila mmoja sikioni, wazee, mashangazi, wanakwaya, watoto wa chekechea. Sikuelewa mpaka aliponifikia mimi.

"Baba," akaninong'oneza, "tufumbe midomo. Wote."

Yule kijana aliinua kamera, akaishusha. Akatuomba tutabasamu. Akachekesha, akaruka, akajifanya anaanguka. Watu karibu mia moja tulisimama tukimtazama, midomo imefumbwa, katikati yetu Aichi na mumewe. Mtoto mmoja alitaka kucheka, mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja. Aichi aligeuza kichwa polepole, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatuona, mmoja baada ya mwingine. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

Kijana aliuliza, kwa heshima, kama labda huku ni mila kwamba harusini watu hawacheki.

"Ndiyo, mwanangu," akasema Secilia. "Ndivyo tulivyo huku kwetu. Piga."